Je, Ukambani Hakuna Kesho?

Kuhakiki kitabu si kukitukana, wala si kukivika kilemba cha sifa. Ni kukiweka katika mizani, madai yake upande mmoja na ushahidi wake upande wa pili, kisha kutazama kwa utulivu ni upande upi unaozama. Msomaji, katika insha hii nataka tupime pamoja neno moja lililonenwa na mwana wa Kitui juu ya watu wake, na juu ya Waafrika wote. Neno hilo lilichipuka katika utafiti wa shahada ya juu, likaingia kitabuni, kitabu nacho kikaingia katika vyuo vingi vya dunia. Leo linasomwa na watu ambao hawajapata kuona hata kivuli cha mbuyu wa Ukambani. Neno lenyewe ni hili: kwamba katika fikira za asili za Mwafrika wakati una zamani ndefu na una sasa, lakini wakati ujao karibu haupo.

Huenda ukauliza, "Jambo hili lanihusu nini mimi niliye shuleni?" Lakuhusu sana. Mtu akikuambia kuwa baba yako hana ng'ombe, waweza kumshika mkono ukampeleka zizini akawaona. Lakini akikuambia kuwa watu wako hawana kesho katika fikira zao, utampeleka wapi? Tena maneno ya namna hii hayakai vitabuni tu. Mwaka wa ukame ukija, na Kitui na Makueni ni nchi ziujuazo ukame, mtu aliyelisoma neno hilo vibaya aweza kusema kuwa njaa imeletwa na watu wasiojua kuweka akiba. Hataitazama mvua iliyokataa kunyesha, wala bei ya nafaka, wala umbali wa maji. Basi kosa dogo la falsafa laweza kuzaa dhuluma kubwa, na kwa sababu hiyo halifai kupita bila kuulizwa.

Kwanza tumjue mwandishi. John Samuel Mbiti alizaliwa Mulago, katika nchi ya Kitui, mwaka 1931. Alisoma Alliance High School, kisha Makerere, kisha Marekani, na hatimaye Cambridge nchini Uingereza, ambako alipata shahada ya udaktari mwaka 1963. Utafiti wake ulitokana na jambo lililotukia nyumbani kwao. Wamisionari wa Africa Inland Mission walianza kazi yao Nzaui, ambapo leo ni katika Makueni, mwaka 1895. Miongoni mwa waliyoyahubiri ilikuwa habari ya mwisho wa dunia. Mbiti aliuliza swali ambalo wahubiri hawakuliuliza: Mkamba aliposikia habari hiyo kwa lugha yake, alielewa nini? Je, maneno yalibeba mzigo ule ule uliokusudiwa, au mzigo ulimwagika njiani?

Swali hilo lilikuwa zuri, na napenda uliangalie vizuri kabla hatujaendelea. Utafiti wa falsafa hauanzi kwa majibu. Huanzia pale mtu anapoona jambo ambalo wenzake hulipita kila siku wakalidhani ni wazi, naye akasimama na kusema, "Ngojeni, hapa pana fumbo." Mbiti alisimama hapo. Baadaye alirudi Afrika Mashariki, akafundisha Makerere tangu 1964 hata 1974, na mihadhara yake ikazaa kitabu kilichotoka mwaka 1969, kiitwacho African Religions and Philosophy. Toleo lake la pili lilitoka mwaka 1990. Mwandishi alifariki mwaka 2019, akiwa mzee mwenye heshima katika nchi nyingi.

Sasa tuyasikie madai yake kwa ukamilifu, maana si haki kumhukumu mtu kwa neno nusu. Mbiti asema kuwa kwa Mwafrika wa asili wakati si kamba tupu iliyonyooshwa, inayongoja matukio yatundikwe juu yake kama nguo. Wakati ni matukio yenyewe. Lililokwisha kutukia lina wakati. Linalotukia lina wakati. Lakini lisilotukia bado haliwezi kuwa na wakati, isipokuwa lile ambalo halina budi kutukia kwa mwendo wa maumbile, kama vile kuchomoza kwa jua au kuja kwa mvua. Kwa sehemu ya karibu, ambamo mtu anaishi, akatumia neno la Kiswahili "Sasa". Kwa bahari kubwa ya yaliyopita, ambayo kila jambo hatimaye huzama ndani yake, akatumia neno la Kiswahili "Zamani". Kisha akaleta ushahidi wa sarufi. Alichukua kitenzi cha kuja katika Kikamba na Kikikuyu, akapanga sura zake tisa katika jedwali. Akaona kwamba sura zinazohusu wakati ujao ni tatu tu, na ile ya mbali kabisa yafikia yapata miezi sita, wala kwa vyovyote haipiti miaka miwili. Kutokana na hayo akakata shauri kuwa watu hawa hawakuwa na imani ya maendeleo yasiyo na kikomo, wala hawakufanya mipango ya miaka ya mbali.

Katika madai haya mna mambo ya kweli, na mhakiki mwaminifu huyataja kwanza. Ni kweli kwamba wazee wetu walihesabu miaka kwa matukio. Njaa kuu iliyowapata Wakamba mwishoni mwa karne ya 19 haikukumbukwa kwa tarakimu. Ilikumbukwa kwa jina lake, Ngomanisye, na mtu aliyezaliwa wakati huo alijulikana umri wake kwa njaa hiyo. Yatazame pia majina ya wenzako darasani. Kioko ni aliyezaliwa asubuhi. Mutuku ni aliyezaliwa usiku. Wambua ni aliyezaliwa wakati wa mvua. Hata jina la mji wetu wa Mtito Andei, ambalo watu hulifasiri kuwa msitu wa tai, limetokana na kitu kilichoonekana hapa, halikutokana na hesabu. Mbiti aliyachukua mambo kama haya, ambayo wageni waliyaita desturi tu, akayafanya kuwa hoja ya falsafa. Alitumia lugha ya mama yake kuwa shahidi mbele ya maprofesa. Kwa hayo tuna deni kwake, na deni hulipwa kwa kumsoma kwa makini, si kwa kumwitikia ndiyo.

Kabla ya kuendelea, tutoke kidogo tuvuke bahari mpaka India, maana huko kuna ndugu wa kisa hiki. Mwaka 1888 alizaliwa Tiruttani, kusini mwa India, mtoto aliyeitwa Sarvepalli Radhakrishnan. Alisoma katika chuo cha wamisionari, Madras Christian College. Fedha zilikuwa haba, na falsafa haikuwa chaguo lake la kwanza: jamaa yake aliyemaliza masomo katika chuo hicho alimpa vitabu vyake vya falsafa, naye akasoma alichopewa. Huko aliwasikia walimu wakisema kwamba Vedanta, yaani mafundisho yanayotokana na vitabu vya kale vya Wahindu viitwavyo Upanishad, hayana nafasi ya maadili. Kama dunia ni kivuli tu, walisema, mtu ana haja gani ya kutenda wema ndani yake? Maneno hayo yalimchoma kijana. Mwaka 1908 alipoandika tasnifu yake ya shahada ya pili, alichagua somo la maadili ya Vedanta, akajitahidi kuonyesha kwamba shutuma hiyo haikuwa ya kweli. Mwalimu wake, A. G. Hogg, hakumkasirikia. Alimsifu.

Kijana huyo alipanda ngazi. Alifundisha katika chuo kikuu cha Calcutta tangu 1921, na Oxford tangu 1936, na toka mwaka 1962 hata 1967 alikuwa Rais wa India. Wahindi wameifanya siku yake ya kuzaliwa, tarehe 5 Septemba, kuwa Siku ya Walimu. Tena alipata kukanyaga ardhi yetu. Mwezi wa Julai mwaka 1956, alipokuwa Makamu wa Rais, alikuja Nairobi akafunua sanamu ya Mahatma Gandhi katika chuo ambacho baadaye kilikuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwanafunzi apitaye leo karibu na sanamu hiyo aghalabu hajui kuwa aliyeifunua alianza safari yake kwa vitabu vya kupewa, na kwa swali lililomkera.

Kwa nini nimemleta mtu huyu? Kwa sababu yeye na Mbiti walisimama mahali pamoja. Kila mmoja alisoma katika chuo kilichojengwa juu ya fikira za wageni. Kila mmoja aliona fikira za kwao zikipimwa kwa kipimo cha wengine, akataka kuzieleza mwenyewe. Na kila mmoja alijikwaa kwenye jiwe lile lile: alichukua sehemu akaiita jumla. Radhakrishnan aliijua vema India ya watu wengi wenye mawazo mengi. Katika vitabu vyake viwili vikubwa vya falsafa ya India, vya 1923 na 1927, aliwaeleza Mabudha, na Majaini, na mabingwa wa mantiki, na hata wale Wacharvaka waliokana kuwa kuna roho. Walakini Vedanta aliiweka juu kama taji, na wengine wakawa kama ngazi za kuiendea. Wahakiki wa baadaye wamemlaumu kwa hilo. Mbiti naye alichukua vitenzi vya lugha mbili za jirani, Kikamba na Kikikuyu, akavifanya dirisha la kuitazama Afrika nzima, bara lenye lugha zaidi ya elfu moja. Achotaye maji kwa kata amepata maji ya mto kweli, lakini mto hajaupata.

Ila kuna tofauti moja, na yafaa uitie moyoni. Radhakrishnan alipokosea, vitabu alivyovitumia vilikuwapo, vimeandikwa, na mtu yeyote ajuaye Kisanskriti aliweza kuvifungua na kumsahihisha. Mbiti hakuwa na maktaba ya namna hiyo. Ushahidi wake ulikuwa vinywani mwa wazee na katika sarufi ya lugha yake. Kwa hiyo wasomaji wengi wa mbali hawakuwa na njia ya kumpima. Waliamini tu kwamba Mkamba asemaye juu ya Wakamba hawezi kukosea. Kumbe kuzaliwa katika lugha ni mwanzo wa kuijua, si mwisho. Sisi tunaoishi katika lugha hizi ndio wenye uwezo wa kupima, na tusipopima nani atapima?

Basi na tuanze na sarufi, kwa kuwa ndiyo nguzo yake. Hoja yasema: pale kitenzi kinapokoma, ndipo fikira zinapokoma. Je, ni kweli? Chukua Kiswahili, lugha unayoisoma sasa. Kwa wakati ujao tuna "-ta-". Twasema "atakuja kesho", na kwa "-ta-" ile ile twasema "atakuja baada ya miaka elfu". Kwa wakati uliopita tuna "-li-": "alikuja asubuhi hii", na "alikuja enzi za mababu". Kikamba hutenga kwa kitenzi lililotukia leo na lililotukia jana na lililotukia kabla ya jana. Kiswahili hakifanyi hivyo. Je, tuseme kwamba Mswahili hajui tofauti ya leo na jana? Hakuna atakayesema hivyo. Vile vile Kijapani na Kifini hazina sura ya pekee ya kitenzi kwa wakati ujao. Nani athubutuye kusema kwamba Wajapani hawajui kupanga mambo ya kesho? Kitenzi ni chombo kimoja tu katika sanduku la fundi. Asiyeona msumeno katika mkono wa fundi asiseme kuwa mbao haziwezi kukatwa. Atazame kwanza sandukuni.

Na tukitazama sandukuni tutaona nini? Tutaona majina ya siku. Kiswahili kina jana na juzi kwa siku zilizopita. Kwa siku zijazo kina kesho, na keshokutwa, na mtondo, na mtondogoo. Siku zilizo mbele zimepewa majina mengi kuliko zilizo nyuma! Kama tungefuata njia ya Mbiti, tungeweza kuandika kitabu kinachosema kwamba Mswahili huishi katika wakati ujao na zamani haijui. Kitabu hicho kingekuwa cha uongo, lakini ushahidi wake ungekuwa wa namna ile ile. Hoja iwezayo kuthibitisha jambo na kinyume chake haijathibitisha lolote.

Tena lipo jambo la maneno yenyewe aliyoyachagua. Alipotaka majina ya nyakati zake mbili, aliazima kutoka Kiswahili. Neno "zamani" asili yake ni Kiarabu, na katika Kiarabu lina maana ya wakati wenyewe, si wakati uliopita peke yake. Lugha hiyo hiyo aliyoiazima ina pia "baadaye", ina "milele", ina "kiama", na "kesho" ambayo hutumika hata kwa maisha ya mbali, kama mzazi amwambiapo mtoto, "Fikiri kesho yako." Aliingia dukani akanunua bidhaa mbili, akatoka akasema kwamba ya tatu haiuzwi, nayo ilikuwa juu ya meza. Atakayemtetea atasema kuwa baadhi ya maneno haya yalikuja na dini ya Kiislamu. Sawa, lakini hata "zamani" ilikuja kwa njia hiyo hiyo. Huwezi kumkaribisha mgeni mmoja na kumfukuza ndugu yake aliyekuja katika jahazi moja.

Sasa tuache maneno tuangalie matendo. Ukambani una mvua mbili kwa mwaka, za Machi hata Mei, na za Oktoba hata Desemba, na wakulima wa upande huu hutegemea zaidi hizi za pili. Mtu huvuna, akaweka nafaka katika ghala, yaani ikumbi, na mbegu bora akazitenga. Mbiti angejibu kwamba mvua ni mwendo wa maumbile, nayo ameiruhusu katika nadharia yake. Jibu hilo ni halali. Hata mimi naona kwamba ile miezi sita ya jedwali lake yalingana na nafasi ya mvua moja hata nyingine. Huenda sarufi aliyoipima ni sarufi ya shamba, ipimayo msimu, wala si ukuta wa akili.

Lakini kuna matendo yasiyomo katika mwendo wa maumbile. Milima ya Machakos na Makueni imekatwa matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na maji. Matuta mengi yalichimbwa kwa vikundi vya mwethya, majirani wakisaidiana, leo shamba la huyu na kesho shamba la yule. Tuta halilipi kwa miezi sita. Mtu huchimba mgongo ukauma, na faida kubwa huiona mtoto wake. Ukisema kwamba matuta ni jambo la karne ya 20 lililochanganyika na amri za serikali ya kikoloni, nitakubali kuwa amri zilikuwapo. Lakini watu waliendelea kuyachimba baada ya amri hizo kukoma.

Twende nyuma zaidi. Katika karne ya 19 Wakamba walikuwa wafanya biashara wa safari ndefu, wakibeba pembe za ndovu kutoka bara mpaka pwani. Kivoi wa Kitui, ambaye Krapf alifika kwake mwaka 1849, alikuwa mkubwa katika biashara hiyo. Msafara hauongozwi na mtu asiyewaza mbele. Lazima akadirie chakula, na maji, na bei, na hatari, na siku ya kurudi, na hakuna hata kimoja katika hivyo kinachokuja chenyewe kama jua. Kisha kuna kiapo cha kithitu. Wazee walimwapisha mtu, na iliaminiwa kuwa akiapa uongo maafa yatampata yeye na hata jamaa zake siku za baadaye. Kiapo ni nini, kama si mkono wa leo ulioshika shingo ya kesho? Mtu asiyekuwa na wakati ujao hawezi kuogopa kiapo.

Mwisho wa ushahidi huu namleta Syokimau, nabii mwanamke ambaye kila mtoto wa Ukambani ameambiwa habari zake. Yasimuliwa kuwa alitabiri kuja kwa nyoka mrefu kutoka upande wa bahari, na watu wa rangi ngeni waliobeba moto mifukoni. Watu wakasema baadaye kwamba nyoka yule ni reli, iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ikajengwa na wafanya kazi zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India, nayo hupita hapa Mtito Andei. Mhakiki mkali atasema: hadithi hii huenda ilipewa umbo lake baada ya reli kufika. Hilo lawezekana, wala siitumii hadithi hii kuthibitisha unabii. Naitumia kwa jambo dogo zaidi lakini imara zaidi: watu wanaomheshimu nabii wana nafasi katika fikira zao kwa ajili ya mambo ambayo hayajatukia, na ambayo hayakuwa na desturi ya kutukia. Reli haikuwa msimu.

Basi mizani imezama upande gani? Nionavyo mimi, sehemu ya kwanza ya neno la Mbiti yasimama: kwamba wakati kwa wazee wetu ulikuwa wakati wenye mambo ndani yake, haukuwa tarakimu tupu. Sehemu ya pili, kwamba wakati ujao karibu haukuwapo, haisimami, maana imewekwa juu ya mguu mmoja wa sarufi. Wala si mimi wa kwanza kusema hivyo. Okot p'Bitek wa Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliwalaumu wasomi wa Kiafrika, Mbiti akiwa mmoja wao, kwa kuzivika fikira za Kiafrika nguo za Kigiriki. Kwame Gyekye wa Ghana, katika kitabu cha mwaka 1987, alitumia lugha ya Waakani kuonyesha kwamba huko wakati ujao wa mbali una maneno na una fikira. D. A. Masolo wa Kenya naye aliipima kazi hii katika kitabu chake cha mwaka 1994.

Aliyetuonyesha njia nyingine ya utafiti ni Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyefariki mwaka 1995. Yeye hakutosheka kuuliza, "Wakamba hufikiri nini?" au "Wajaluo hufikiri nini?" kana kwamba kabila zima lina kichwa kimoja. Tangu miaka ya 1970 alikwenda vijijini na wanafunzi wake kuwatafuta wazee wenye hekima, akawauliza mmoja mmoja, kwa majina yao, akawapinga ili aone watajibuje. Alitenga aina mbili za wenye hekima: wale wajuao vema mapokeo ya watu wao na kuyaeleza, na wale wanaoyapima mapokeo hayo kwa akili zao wenyewe na pengine kuyakataa. Kitabu chake juu ya hekima hiyo kilitoka mwaka 1990. Naye hakukosa wakosoaji: wamemwuliza kama mawazo yaliyoandikwa ni ya mzee aliyejibu au ya profesa aliyeuliza. Swali hilo lina uzito. Lakini faida ya njia yake ni kwamba mzee akisema neno, twajua ni nani amelisema, na mzee mwingine aweza kulikana.

Ona basi jinsi mithali nazo zinavyopingana, kama wazee wanavyopingana. Mmoja asema, "Akiba haiozi." Mwingine asema, "Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo." Ukimwandikia mgeni mithali ya kwanza tu, atadhani sisi ni watu wa akiba. Ukimwandikia ya pili tu, atadhani tunakula mbegu. Ukweli ni kwamba watu wenye akili hubishana juu ya kesho, na kubishana huko ndiko falsafa.

Msomaji kijana, huenda siku moja utakwenda katika chuo kikuu, cha Nairobi, au cha Dar es Salaam, au cha India, ambako vijana wengi wa Afrika Mashariki wamesoma kwa msaada wa masomo wa serikali ya nchi hiyo. Huko utatakiwa kuandika tasnifu, na huenda mwalimu wako atapenda uandike juu ya "fikira za watu wako". Ukubali, ni kazi njema. Radhakrishnan aliikubali, na Mbiti aliikubali. Lakini jiwekee masharti manne. Usiseme "Mwafrika" pale ulipomuuliza Mkamba, wala usiseme "Mkamba" pale ulipomuuliza mjomba wako peke yake. Usiifanye sarufi kuwa gereza la akili za watu. Andika jina la aliyekuambia, kama ameridhia, ili apate heshima yake na wengine wapate kumjibu. Na kabla ya kuamini hoja yoyote iliyoandikwa kwa lugha ya kigeni, ijaribu kwanza kwa lugha ya nyumbani uone kama bado ina maana. Ushauri huu Kwasi Wiredu wa Ghana aliutoa kwa miaka mingi.

Kazi yenyewe waweza kuianza kabla ya kwenda mbali. Likizo ijayo, mwulize bibi au babu kwa lugha ya nyumbani: Ulipokuwa kijana mlisemaje juu ya jambo litakalotukia baada ya miaka kumi? Mlipanda mti gani ambao mlijua hamtakula matunda yake? Nani aliwaapisha, na kwa muda gani kiapo kilidumu? Andika majibu kwa maneno yao, si kwa maneno yako. Huenda baadhi ya majibu yatampa Mbiti haki, na baadhi yatamnyima. Yaandike yote mawili, uyaweke mahali pakavu pasipo na mchwa, maana maktaba ambayo Mbiti hakuipata haijajengwa bado, na wazee wenye matofali yake wanapungua kila mwaka.